Akili ya Kubandika

Uvumi wenyewe ulianzia kwenye beseni la kuoshea nywele.

Mteja wangu mmoja, nesi wa wodi ya watoto, alikuwa amelaza shingo, povu limemjaa mpaka masikioni. Akasema, "Mama Saluni, unajua wanasema Shangazi wa Mashine anakaa mtaa huu huu?"

"Shangazi wa nani?"

"Wa Mashine. Yule wa kwenye maoni, anayetuvunja mbavu."

Nikammwagia maji. Povu likaondoka, neno likabaki. Nilisuka watu nalo, nikapika nalo, nikaenda nalo kulala. Mtaa huu huu. Mtaa wetu hauna watu wengi wa kuchekesha, nawajua wote.

Kwa mliochelewa kufika: mimi ndiye yule msusi ambaye saluni yake iliungua kwa pasi ya nywele, halafu mchumba wa binti yangu akaingia mitini gauni la harusi likiwa bado kwa fundi. Juma lililopita niliwaachia pale binti yangu alipopata kazi kwenye kampuni ya mashine inayosikiliza vikohozi. Niliandika kwamba mwanga umeingia nyumbani kwangu. Naomba mlifute hilo.

Mimi ni wa shule ya msingi, kwa hiyo nawaeleza kama nilivyoelezwa. Mtu anakohoa mbele ya mashine, kidude kama redio ndogo. Mashine inasikiliza, halafu inaandika unaumwa nini. Mafua, pumu, nimonia. Hakuna kuchomwa sindano, hakuna foleni. Binti yangu kazi yake ni kuifundisha. Anaisikilizisha vikohozi vya watu kutwa nzima mpaka ivizoee.

Alikuwa bado kwenye kipindi cha kujaribiwa. Akipita, ameajiriwa. Akikwama, anarudi kukaa kwenye benchi la saluni yangu na vyeti vyake mapajani. Ndiyo hofu iliyokuwa inanitafuna, na ndiyo sababu ya yote mtakayosoma hapa.

Gazeti la mtandaoni likaandika habari za ile mashine. Na chini ya habari, wasomaji wakaandika za kwao.

Ninyi habari hamsomi. Najua, kwa sababu nawaona. Mteja anafungua simu, hata picha haitazami, anashuka moja kwa moja kwenye maoni kama mtu anayewahi kiti. Halafu anaanza kutikisika mabega peke yake chini ya draya, na wenzake wanamwambia, "Soma kwa sauti basi, usile peke yako."

Siku ile aliyesoma ni nesi.

"Mmoja anasema: mume wangu ameikoholea, imeandika, huyu jana hakuwa kazini."

Saluni ikacheka.

"Mwingine: mimi ni babu. Nimekohoa mara moja, imenipa hongera, ni mapacha."

Wakacheka tena.

"Huyu anauliza: je, inakijua kile kikohozi cha kumwambia mgeni aage?"

"Soma ya Shangazi," akasema mmoja kwenye kiti cha pili. "Hao wengine wanapasha misuli tu."

Nesi akatafuta. "Shangazi wa Mashine anasema: wanangu, msihangaike. Hiyo ni akili ya kubandika. Ukitokwa jasho inabanduka."

Walicheka mpaka mmoja akaung'oa mkono wangu kichwani mwake apumue kwanza. Mimi sikucheka. Kitana kilikuwa kimeniponyoka.

Neno lile ni langu.

Siku binti yangu alipotueleza mara ya kwanza, alisema mashine ina akili bandia. Mimi nilikuwa nakaanga, mafuta yanapiga kelele, nikasikia kubandika. Na kwa kazi yangu, kitu ambacho mtu hakuzaliwa nacho ni cha kubandika. Kucha za kubandika, kope za kubandika, nywele za kubandika. Nikauliza, "Kwa hiyo mmekibandikia hicho kidude akili?" Nyumba nzima ikanicheka. Tangu hapo kwetu haina jina lingine.

Kwetu tu. Sijawahi kulisikia nyumba nyingine.

"Na kuna jingine la Shangazi," nesi akaendelea. "Anauliza: na ule mlango wenu uliokutwa na nimonia mara mbili unaendeleaje, umeshatoka wodini?"

"Mlango gani tena?"

"Nani anajua. Huyu mama ana wazimu."

Mimi nilikuwa najua ni mlango gani. Nikakaa kwenye kiti cha wateja.

Siku moja tukiwa mezani binti yangu alitusimulia kwamba mashine ilisahauliwa imewashwa, mlango wa ofisi ukalia bawaba, mashine ikaandika: nimonia kali. Tulicheka sana. Halafu akasema, "Hili lisitoke hapa. Kuna wageni wanataka kuinunua. Likisikika, msimamizi wetu atamtafuta aliyelisema, na mimi ndiye mgeni pale."

Mezani tulikuwa wanne. Yeye, baba yake, mimi, na wifi yangu tunayeishi naye, dada wa mume wangu. Wifi kwangu, lakini kwa binti yangu ni nani?

Shangazi.

Sikumaliza hata kumsuka niliyekuwa naye. Wifi alikuwa pale pale mlangoni anaanika taulo zangu. Nikamwita ndani, mbele za watu, na hapo ndipo nilipoanza kujipalia makaa.

"Wifi, mtoto wa kaka yako amekukosea nini?"

"Mtoto gani?"

"Unayemwanika mtandaoni kama hizo taulo."

Akanitazama, kisha akawatazama wateja, kama anauliza nimeanza lini. "Wifi, umekula?"

"Usinizungushe. Shangazi wa Mashine ni nani?"

"Mimi nina shangazi mmoja na hajawahi kuzaa mashine."

Watu wakacheka, nami nikazidi kupanda. Nikamwambia lete simu. Akaingiza mkono kifuani, akaitoa, akaiweka juu ya meza yangu ya vitana. Simu ya vitufe, ya tochi, imefungwa kwa mpira ili betri isidondoke. Simu yake kubwa ya mtandao ilizama kwenye ndoo ya maji kabla binti yangu hajapata kazi, na mimi nilikuwepo ilipozama.

"Haya," akasema. "Nitafutie humo hayo maoni. Ukiyapata, nisomee na mimi, maana natamani kucheka."

Nikamrudishia simu yake.

Toka siku hiyo wifi akawa hasemi nami. Akiwa na ujumbe anampa mteja. "Mwambieni mwenye saluni maji yamechemka." Mteja ananigeukia, "Maji yamechemka." Na mimi nimesimama hapo hapo.

Lakini kama si wifi, nani? Shaka ni kama chawa. Ukimtoa kichwa hiki, anahamia cha pili.

Nikahamia kwa mume wangu.

Mume wangu ni fundi wa friji. Karakana yake imegusana ukuta na saluni yangu, na siku zile nilikuwa namsikia upande wa pili anacheka peke yake, kisha anaguna, kisha kimya, kisha anacheka tena. Mtu akitengeneza friji hacheki hivyo. Nikazunguka nikamkuta amekaa juu ya friji iliyolazwa, simu mkononi, bisibisi sikioni.

"Unamcheka nani?"

"Njoo uone," akasema, uso umemng'aa. "Nimempa vidonge vyake."

"Nani?"

"Huyo Shangazi. Anamchafulia mtoto kazi, mimi ninyamaze? Mimi ni baba wa aina gani?"

Akanipa simu. Pale chini ya swali la mlango, alikuwepo mtu anajiita Fundi Mkweli, na picha yake ni friji nyeupe, imeandikwa ubavuni kwa rangi nyekundu: TUNAFUFUA FRIJI. Ile ile iliyosimama barabarani mbele ya karakana yetu.

Fundi Mkweli ameandika: "Shangazi acha uongo. Mlango ule haukukutwa na nimonia mara mbili, ni mara moja tu, na ulitiwa mafuta siku ile ile."

Chini yake mtu anauliza, "Kumbe mlango upo kweli?"

Fundi Mkweli: "Upo. Ninachosema nakijua. Damu yangu inafanya kazi pale."

Baada ya hapo ilikuwa mvua. Fundi, kitasa nacho kina presha? Fundi, madirisha yamechanjwa? Fundi, tunaomba saa za kuutembelea mgonjwa. Na yeye amewajibu wote, mmoja mmoja, kwa adabu.

"Mume wangu," nikasema, "umemtetea mtoto au umempeleka polisi?"

"Nimesema ukweli."

"Ndiyo nakuuliza."

Akaichukua simu, akasoma upya. Nikaona uso unashuka taratibu, kama friji iliyochomolewa inavyokata mngurumo. Bisibisi ikamdondoka sikioni. Hakuiokota.

"Naweza kufuta?" akaniuliza.

Ungefuta nini. Watu walikuwa wameshaipiga picha na kuisambaza, mpaka wateja wangu walikuwa nayo.

Binti yangu aliporudi alikwenda moja kwa moja uani kuanua nguo. Nikamfuata na ile habari kwenye simu. Alisoma ya baba yake bila kucheka. Akasema tu, "Baba ameniua."

"Baba yako hana ubaya. Mbaya ni huyo Shangazi. Nisaidie tumtafute, wewe umesoma, unajua mitambo hii. Lazima kuna njia ya kumjua."

"Mama, usimtafute."

"Kwa nini?"

"Utachoka bure." Akakunja shuka, akaliweka kapuni. "Anaanua nguo."

Nilielewa polepole. Kwanza nikatazama uani kwa jirani, nikaona kamba tupu. Halafu nikamtazama yeye, na kibanio cha nguo mdomoni.

Wasomaji, nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia. Nikashika kapu.

"Wewe? Umeichezea kazi yako mwenyewe?"

"Nilisema kwenye kikao, mama. Niliwaambia tumeifundisha kwa vikohozi vya watu wazima, mtoto haimjui. Mtoto akikohoa inaropoka chochote. Msimamizi akasema nimeleta hoja nzuri, niiandike. Nikaiandika. Wakaenda kunywa chai." Akatoa kibanio mdomoni. "Nikaandika mzaha mmoja tu, na watu wote wakausoma. Sasa niambie ni kipi nilichokosea."

"Na kwa nini uchukue neno langu?"

"Sikupata la kulizidi."

Nikiri hapa, maana nimewaahidi tangu mwanzo kwamba sitawaficha. Nilifurahi. Mimi, niliyeishia shule ya msingi, neno langu linazunguka na watu wenye suti wanalisoma. Nilimgombeza, nikamwapisha aache, akaniapia ameacha. Lakini ndani kwa ndani nilikuwa navimba kama unga uliotiwa hamira.

Asubuhi iliyofuata alitoka mapema kuliko kawaida, na mfuko ambao sikuuzoea.

"Leo napitia zahanati ya nyuma ya soko kwanza," akasema.

"Unaumwa?"

"Hapana. Nina kitu cha kuwaonyesha."

Nikamwambia akirudi alete vitunguu. Hayo ndiyo tuliyoagana.

Mchana saluni ilijaa. Akaingia mama mmoja mgeni, kavaa vizuri, kabeba mfuko wa machungwa. Alisimama mlangoni akitazama huku na huku kama aliyetarajia chumba kingine. Nikamkaribisha, akasita, akakaa. Akasema anataka nywele za kubandika.

Nilipoanza kumshona niligundua kitu. Mteja akikaa mbele ya kioo anajitazama. Huyu hakujitazama. Alikuwa anatazama ukutani, kwenye picha ya binti yangu akiwa na joho la mahafali.

"Wa kwako?" akauliza.

"Wa kwangu."

"Mzuri. Na hizi za kubandika zinakaa kiasi gani?"

"Inategemea kichwa, dada. Chenye jasho zinabanduka upesi."

Nesi alikuwa chini ya draya. Akadakia, "Kama ile akili."

Saluni ikacheka. Mgeni hakucheka. "Akili gani?"

Ningenyamaza. Mngekuwepo mngenikanyaga mguu. Lakini kile kiburi cha uani kilikuwa bado hakijashuka, nikasema, "Akili ya kubandika. Watu wanadhani limetoka mtandaoni. Neno hilo limezaliwa kwangu."

Wifi, aliyekuwa anafagia, akasimamisha ufagio. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akasema nami ana kwa ana. "Wifi," akasema, chini kwa chini. "Machungwa."

Sikumwelewa.

Mgeni akanielewesha. "Nilikuja kumjulia hali mama mgonjwa," akaniambia kupitia kioo. "Mwanaye anafanya kazi chini yangu. Leo ameomba ruhusa, amesema mama yake mgonjwa kitandani nyumbani, hali si nzuri. Nikauliza mtaani, wakanielekeza penye friji nyeupe. Nilipoiona nikasimama. Friji hiyo nimeshakutana nayo kwenye maoni."

Msimamizi. Kichwa chake kilikuwa mikononi mwangu.

"Naona umepata nafuu, mama," akasema.

 Nikaiona kazi ya mwanangu inapita mlangoni na kwenda zake. Mama akifika hapo hafikiri, anaruka tu.

"Shangazi wa Mashine ni mimi," nikasema.

Nesi akazima draya yake.

"Wewe?"

"Mimi. Binti alisimulia mezani kwa kujisahau, mimi nikaenda kuandika. Yeye hajui lolote. Neno si umesikia ni la kwangu? Na mlango ni mimi. Kama kuna wa kufukuzwa, nifukuze mimi."

Akanitazama kupitia kioo. Nadhani alikuwa anaanza kuniamini. Naapa alikuwa anaanza.

Hapo simu ya nesi ikalia.

"Shangazi kaandika," nesi akasema, kwa mazoea, kabla hajawaza. Na kwa mazoea akasoma. "Leo mashine imetembelea zahanati. Mtoto kakohoa mbele yake mara tatu. Imejibu: huo ni mlango, utieni mafuta."

Mmoja kwenye benchi alicheka, akaona yuko peke yake, akaacha. Nesi wa watoto ndiyo kabisa hakucheka. Alivua draya kichwani, akasoma tena kimoyomoyo, midomo inacheza.

Mikono yangu ilikuwa kichwani mwa msimamizi. Mmoja umeshika sindano, mwingine umeshika nywele.

"Mama," msimamizi akasema, taratibu sana. "Una mikono mingapi?"

Nikaishusha sindano.

"Mashine ya majaribio haikuwepo ofisini leo asubuhi. Nilidhani imesahauliwa mahali. Nilikuja hapa na machungwa, mama, sikuja na askari." Akageuka kwenye kiti, uzi ukakatika. "Kama kuna mtoto anapimwa kwa mashine ambayo hata mimi sijairuhusu, nataka kufika kabla ya mtu mwingine. Ni zahanati ipi?"

Sijui mpaka ninapoandika haya kama alikuwa anamwogopea yule mtoto, au mwanangu, au wale wanunuzi wake. Sauti ilikuwa moja kwa zote tatu. Wifi alikuwa ananitikisia kichwa. Nesi alikuwa anavaa viatu.

Mama wenzangu wenye watoto wanaofanya kazi kwenye mitambo hii, na ninyi mnaoteremka kwenye maoni kabla ya habari, haya myaepuke:

– Msirudie nje neno lililozaliwa nyumbani, hata likisifiwa.

– Msimtetee mtoto mtandaoni. Msiwape wanaume simu siku mtoto anaposemwa.

– Msiweke picha ya kazini kwenu mnapobishana na msiowajua.

– Msimshitaki wifi mbele ya wateja.

– Msicheke maoni mpaka mmeuliza aliyeandika amejuaje.

– Msiongope mkiwa na sindano mkononi.

– Msitaje mtoto wenu alipo kwa sababu tu aliyeuliza ameuliza kwa upole. Mimi nilitaja. Msimamizi ametoka na nusu ya kichwa haijashonwa, anakimbia, nesi nyuma yake. Simu ya mwanangu inaita mpaka inakata, na Shangazi hajaandika tena.